Jinsi ya kusoma hesabu za biashara za Bahrain bila kupigwa changa la macho

Watu wakikaa wakaanza kuongelea nchi za Waarabu, iwe Kikuubo pale Kampala, iwe pale Malaba mkisubiri lori litoke forodhani, lazima mmoja aulize: hizi nchi ndogo zinauza nini zaidi ya mafuta, na mbona leo unasoma zina ziada kubwa ya biashara halafu wiki ijayo gazeti lingine linasema zina nakisi? Mara nyingi wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja ameshika karatasi tofauti na hakuna aliyesema ni karatasi gani. Kwa hiyo hapa nitaeleza namna ya kuzisoma hizo karatasi, na nitatumia Bahrain, kwa sababu Qatar ukishasema gesi umemaliza sehemu kubwa ya hadithi, Kuwait ni mafuta tu, Emirates mizigo inayopita ni mingi mpaka kichwa kinauma, lakini Bahrain ni ndogo na kila kitu kinaonekana, mafuta yapo, viwanda vipo, mizigo ya kupita ipo, mabenki yapo, na watu wetu waliokwenda kyeyo, yaani kazi za ng'ambo, wapo pia.

Kwanza ijue nchi kidogo, usirukie namba. Bahrain ni visiwa, eneo lake ni kama kilomita za mraba 780 hivi, yaani chukua mji wa Kampala mara nne na kidogo umeshamaliza. Watu ni kama milioni moja na nusu, na zaidi ya nusu yao ni wageni waliokwenda kufanya kazi. Zamani walikuwa wanaishi kwa lulu, wazamiaji wanashuka baharini kutafuta chaza, halafu Wajapani wakaanza kufuga lulu na uchumi wa dunia ukaanguka baada ya 1929, biashara hiyo ikafa. Bahati yao, 1932 mafuta yakapatikana Jebel Dukhan, wakawa wa kwanza upande ule wa Waarabu wa Ghuba kuyapata, kabla hata ya Saudia. Kiwanda cha kusafisha mafuta kikaanza kazi 1936. Hiyo tarehe iweke kichwani, nitakwambia kwa nini.

Sasa ukifungua ripoti ya biashara ya nje ya Bahrain, ile inayotolewa na Mamlaka ya Habari na Serikali Mtandao yao (wenyewe wanaifupisha iGA), kitu cha kwanza kutafuta siyo namba, tafuta maneno "bila mafuta". Hizo ripoti ambazo magazeti hupenda kunukuu huwa ni za biashara isiyo ya mafuta, na kwenye hizo Bahrain kwa kawaida inaonekana na nakisi, inanunua kuliko inavyouza. Mtu asiyejua anashika hiyo namba anakimbia nayo, ati Bahrain inapata hasara. Ukitaka picha nzima nenda kwa Benki Kuu ya Bahrain, kwenye jedwali la urari wa malipo, yaani hesabu ya pesa zote zinazoingia na kutoka nchini, huko wanatenga mauzo ya mafuta na yasiyo ya mafuta, na manunuzi vilevile, ukiyajumlisha yote nakisi mara nyingi inageuka ziada. Nchi ni ile ile, mwaka ni ule ule, ila majibu mawili. Kwa hiyo mtu akikurushia namba kwenye WhatsApp muulize swali moja tu, hiyo ina mafuta ndani au haina? Kama hajui, basi mazungumzo yaishie hapo mle chapati.

Ukishapata jedwali lenye mafuta usishangilie bado, maana hapo ndipo wengi wanaanguka.

Bahrain inauza mafuta mengi kuliko inayochimba kwenye ardhi yake. Ndiyo, umesoma vizuri. Kisima chao cha zamani cha nchi kavu kimeshachoka na kinatoa kidogo. Wana uwanja mwingine baharini, Abu Safah, wanagawana na Saudia nusu kwa nusu, na mwendeshaji ni Saudi Aramco. Halafu kile kiwanda cha 1936 kule Sitra, ambacho kimepanuliwa mara kadhaa mpaka juzi juzi wakakifanyia ukarabati mkubwa uliozinduliwa mwisho wa 2024 wa kukifikisha mapipa karibu 400,000 kwa siku, kinalishwa zaidi na mafuta ghafi ya Saudia yanayokuja kwa bomba. Bomba jipya lilianza 2018 na lina uwezo wa mapipa 350,000 kwa siku. Kwa hiyo dizeli na mafuta ya ndege yanayotoka Sitra kwenda sokoni yameandikwa "mauzo ya Bahrain", na ni kweli wameyauza wao, lakini mafuta ghafi yaliyoingia kwa bomba nayo yameandikwa kwenye upande wa manunuzi. Faida yao ni ile tofauti ya katikati, malipo ya kazi ya kusafisha, siyo namba nzima.

Kwa hiyo chukua mauzo ya mafuta, toa manunuzi ya mafuta, kinachobaki ndicho uweke kwenye hesabu yako. Tufanye kwa namba za mazoezi tu, si za kweli: nchi imeuza mafuta ya 100, imenunua mafuta ghafi ya 45, imeuza bidhaa nyingine za 80, imenunua bidhaa nyingine za 120. Ukisoma ripoti isiyo ya mafuta utaona nakisi ya 40. Ukisoma mauzo ya mafuta peke yake utaona 100 uone hawa watu wanaogelea kwenye pesa. Lakini mafuta halisi yamebakiza 55, ukitoa ile nakisi ya 40 unabaki na ziada ya 15. Kumi na tano! Na kila aliyesoma kipande chake alikuwa na karatasi ya serikali mkononi.

Hili kwetu Uganda siyo la mbali. Mafuta ya Tilenga na Kingfisher yamepangiwa kupita kwenye bomba la EACOP, kilomita 1,443 mpaka Tanga, na kuna mpango wa kiwanda cha kusafisha mapipa 60,000 kwa siku kule Hoima, mkataba wake ulisainiwa 2025 na kampuni ya Alpha MBM ya Emirates. Siku mafuta yakianza kuonekana kwenye takwimu za UBOS, ofisi yetu ya takwimu, mtu aliyezoea kusoma Bahrain hatababaishwa na kichwa cha habari kimoja, atauliza kilichoingia ni nini, mitambo, mishahara ya wageni, faida ya wawekezaji inayorudi kwao, halafu ndio atasema kama tumepata.

Tuje kwenye alumini, ambayo mimi naona ndiyo sehemu tamu zaidi. Kampuni ya Alba ilianza kuyeyusha alumini 1971, na baada ya kukamilisha laini yake ya sita 2019 imekuwa kiwanda kikubwa kuliko vyote vya sehemu moja duniani ukiitoa China, kinazalisha zaidi ya tani milioni 1.6 kwa mwaka. Sasa jiulize, Bahrain ina mgodi wa bauxite, yale madini ya kutengenezea alumini? Haina hata mmoja. Alumina, ule unga mweupe unaoyeyushwa, unakuja kwa meli, na Australia ni mmoja wa wauzaji wakubwa. Kupata tani moja ya alumini unahitaji alumina kama tani mbili hivi, na umeme wa kutisha, karibu megawati-saa 14 kwa tani moja. Hapo ndipo ujanja ulipo: wanachouza hasa ni gesi yao ya asili iliyogeuzwa umeme, umeme ukageuzwa metali nyepesi inayopakiwa kwenye meli. Gesi huwezi kuitia kwenye kontena kirahisi, alumini unaweza.

Chuma nacho mtindo ni ule ule. Wananunua mchanga wa madini ya chuma, sehemu kubwa kutoka Brazil, wanauviringisha na kuuchoma uwe vigololi vinavyofaa tanuru, halafu wanauza, jirani Saudia akiwa mteja mkubwa. Ndiyo maana ukifungua orodha ya manunuzi ya Bahrain unakuta China juu kwa sababu ya simu na mashine na kila kitu, halafu Australia na Brazil, mtu anashangaa watu wa kisiwa cha jangwani wanakula nini cha Brazil kingi hivyo. Kuku wapo kweli, lakini namba kubwa ni mawe.

Namna ya kuyaona haya mwenyewe ni kutumia namba za HS, yaani namba za kimataifa za kupanga bidhaa forodhani, zile zile ambazo klieringi ejenti wako anajaza kwenye fomu za URA, maana tarakimu sita za mwanzo ni sawa dunia nzima. Kwenye manunuzi ya Bahrain tafuta 2818.20, hiyo ni alumina, na 2601.11, madini ya chuma kabla hayajaviringishwa. Kwenye mauzo tafuta 7601, alumini isiyofinyangwa, na 2601.12, vigololi vyenyewe. Ziweke mbili mbili, ya kuingia na ya kutoka, toa moja kwa nyingine. Sura ya 27 ndiyo mafuta na gesi. Ukizoea namba hizi tano sita hakuna mtu wa kukupiga chenga kwenye biashara ya Bahrain, kwa sababu vitu vingi vikubwa vimo humo.

Halafu bei, ndugu zangu, bei! Nakisi ikiongezeka usiseme nchi imeanza kununua ovyo mpaka uangalie tani. Mwisho wa 2024 alumina ilipanda kwa kasi, kulikuwa na matatizo ya viwanda Australia na Guinea ikazuia mauzo ya bauxite ya kampuni moja ya Emirates, bei ikapita dola 700 kwa tani, kiwango ambacho miaka mingi hakikuonekana. Kiwanda kinachokula zaidi ya tani milioni tatu za huo unga kwa mwaka kinalipa zaidi bila kuongeza hata gunia, na kwenye karatasi inaonekana Bahrain "imeongeza manunuzi". Kinyume chake pia kipo, 2020 pipa la Brent, mafuta yanayotumika kama kipimo cha bei duniani, lilikuwa wastani wa dola 42 hivi kwa sababu ya korona na Bahrain ikaandika nakisi kwenye urari wa malipo ya kawaida, 2022 pipa likafika wastani wa dola 100 na ziada ikawa kubwa, magazeti yakasifu sera nzuri. Sera labda zilisaidia sijui kiasi gani lakini visima havikuongezeka maradufu kwa miaka miwili. Kwa hiyo kila namba ya pesa iombee mwenzake wa tani au mapipa. Jedwali likikosa tani, ligawanye kwa bei ya soko ya mwaka huo upate makadirio, si kamili ila yanatosha kukuzuia kusema upuuzi.

Mizigo ya kupita. Kila nchi ya Ghuba ina safu ya tatu kwenye ripoti, mbali na mauzo yenye asili ya nchi na manunuzi, kuna bidhaa zilizoingia zikatoka tena bila kuguswa sana, magari, simu, vipuri. Hizo zinavimbisha manunuzi kwanza halafu mauzo. Bahrain siyo mbaya sana hapa, mfalme wa mchezo huu ni Dubai. Kwa Bahrain, mzigo mwingi unavuka daraja la King Fahd, kilomita 25 mpaka Saudia, limefunguliwa 1986, na bandari ya Khalifa bin Salman iliyofunguliwa 2009 nayo inapokea. Ukitaka kujua nguvu ya nchi yenyewe soma safu ya mauzo yenye asili ya nchi, hiyo ya kupita isome pembeni. Lakini tahadhari, "asili ya nchi" haimaanishi malighafi ni ya kwao, alumini ya Alba ni ya asili ya Bahrain kisheria kwa sababu kazi kubwa imefanyika pale.

Na sisi tusicheke. Dhahabu ndiyo imekuwa ikiongoza mauzo yetu ya nje miaka hii ya karibuni, inapita Entebbe kwenda zaidi Emirates, na sehemu kubwa ya hiyo dhahabu haikuchimbwa Mubende wala Karamoja, imeingia kutoka nchi jirani na imo pia kwenye orodha yetu ya manunuzi. Mtu akikwambia Uganda imeuza nje mabilioni, fanya kile kile ulichofanya kwa alumina, toa iliyoingia. Kahawa ni tofauti kabisa, kahawa iliyozidi dola bilioni 2 kwa mwaka wa fedha 2024/25 imetoka kwenye mashamba ya Masaka na Bugisu na Bushenyi, kila shilingi imepitia kwa mkulima au kwa dalali wake angalau. Ndiyo sababu mimi naheshimu dola ya kahawa kuliko dola ya dhahabu, hata kama benki haitofautishi.

Kuna jambo la CIF na FOB, nitapita haraka kwa sababu wafanyabiashara wa humu wanalijua kuliko mimi. Manunuzi kwenye takwimu za forodha kwa kawaida yanaandikwa na nauli na bima ndani, hiyo ndiyo CIF, mauzo yanaandikwa bei ya kwenye meli tu, hiyo ndiyo FOB. Benki kuu ikiandaa urari wa malipo inaitoa ile nauli na bima kwenye manunuzi na kuihamishia kwenye huduma. Matokeo ni kwamba nakisi ya forodha itakuwa kubwa kuliko ya benki kuu hata kama hakuna aliyekosea. Usichanganye jedwali la huyu na la yule kwenye mstari mmoja, basi.

Dinari nayo inasumbua watu. Dinari ya Bahrain imefungwa kwa dola, fils 376 kwa dola moja, maana yake dinari moja ni kama dola 2.66 na haipandi wala kushuka kama shilingi yetu. Kwa pesa ya hapa ni elfu tisa na kitu mpaka karibu elfu kumi, kutegemea siku. Mtego uko kwenye nukta. Dinari moja ina fils 1,000 kwa hiyo wanaandika tarakimu tatu baada ya nukta, 1.250 ni dinari moja na robo, siyo elfu moja mia mbili hamsini. Kwenye ripoti unakuta "milioni 1.250" na mtu anaandika bilioni moja na robo, halafu anabadilisha kwa dola, halafu kwa shilingi, mpaka mwisho Bahrain inauza kuliko Marekani. Angalia kichwa cha jedwali kama ni maelfu au mamilioni, na kama ni dinari au dola. Mwaka wao pia ni Januari mpaka Desemba, sisi bajeti yetu ni Julai mpaka Juni, ukilinganisha Uganda na Bahrain tumia mwaka wa kalenda kwa wote wawili, UBOS na Benki Kuu ya Uganda wana takwimu za kila mwezi unaweza kujumlisha mwenyewe.

Mpaka hapo tumeongelea vitu vinavyobebeka tu. Nchi ndogo ya Ghuba ukiisoma kwa bidhaa peke yake umesoma nusu. Bahrain inauza huduma, na kwenye huduma huwa iko vizuri. Jioni ya Alhamisi magari ya Wasaudia yanavuka daraja kuja kutembea, wanalala hoteli, wanakula, wanatazama sinema, pesa yote hiyo inahesabiwa kama mauzo ya nje hata kama chakula kimeliwa Manama, mji wao mkuu. Mbio za Formula 1 zilianza pale 2004, za kwanza Mashariki ya Kati. Mabenki ya kimataifa yalianza kuruhusiwa kuweka ofisi za kuhudumia biashara ya nje ya nchi tangu 1975, wakati Beirut inaingia vitani na mabenki yanatafuta pa kukimbilia. Kwa hiyo tafuta mstari wa huduma kwenye jedwali la benki kuu, uongeze kwenye urari wa bidhaa.

Halafu toa pesa inayotumwa nyumbani, na hapa ndipo sisi tunapoingia kwenye hesabu ya Bahrain. Dada anayefanya kazi za ndani Riffa, kaka mlinzi wa supamaketi Muharraq, Mhindi fundi, Mbangladeshi wa ujenzi, wote wakituma pesa inaandikwa kama pesa iliyotoka. Ni kama dinari bilioni moja kwa mwaka, siyo ya kuchezea kwa nchi ya ukubwa ule. Upande wa pili, kwenye vitabu vya Benki Kuu ya Uganda, pesa hiyo hiyo inasomeka imeingia, inaziba sehemu ya nakisi yetu ya bidhaa ambayo iko pale miaka yote. Ile ada ya shule uliyopokea kwa simu imo ndani ya urari wa malipo wa nchi mbili, ingawa mwalimu mkuu hajui na wala hana haja ya kujua.

Kuna watu huuliza, sasa kama Bahrain ina ziada, mbona serikali yao inakopa na kuongeza kodi? Kwa sababu ziada ya biashara siyo hazina ya serikali. Ziada ni ya nchi nzima, kampuni, mabenki, watu binafsi. Serikali inategemea mapato ya mafuta na matumizi yake ni makubwa, 2018 ilibidi Saudia, Emirates na Kuwait waahidi msaada wa dola bilioni 10 kwa sababu soko lilianza kuogopa kama dinari itabaki imefungwa. Kodi ya VAT ikaanza 2019 kwa asilimia 5, 2022 ikapandishwa kuwa 10, na deni la serikali limepita ukubwa wa uchumi wa mwaka mzima. Kwa hiyo anayepanga kwenda kule kutafuta kazi asitazame ziada ya biashara akasema kuna pesa, atazame bei ya pipa na miradi ya ujenzi inayotangazwa, hizo ndizo zinazofungua au kufunga viza.

Jiografia usiisahau. Bahrain imekaa ndani kabisa ya Ghuba, kila meli yake inayokwenda bahari kuu inapita mlango wa Hormuz, na kule kukichafuka bima inapanda kabla hata hakijatokea kitu, na kama nilivyosema bima imo kwenye manunuzi. Wateja nao wana mambo yao. Bahrain ina mkataba wa biashara huru na Marekani tangu 2006, lakini ushuru wa alumini ambao Marekani iliuweka 2018 kwa asilimia 10 na kuupandisha 2025 mpaka 25 halafu 50 haukuangalia mkataba huo, uliwakumba. Ukiona mauzo kwenda Marekani yameshuka na ya kwenda Ulaya au Saudia yamepanda, usiandike kwamba ubora umeshuka, angalia tarehe za ushuru kwanza.

Kwa anayesoma haya akiwa na mawazo ya kuuza kitu kule, kahawa, nyama, mananasi, maparachichi, hii ndiyo njia ninayoipendekeza. Ingia Trade Map ya ITC au Comtrade ya Umoja wa Mataifa, hizo ni tovuti za takwimu za biashara, weka Bahrain kama mwenye kutoa taarifa, chagua manunuzi, weka namba ya bidhaa yako, kahawa ni 0901, halafu panga kwa nchi. Utaona nani anauza na kwa bei gani kwa kilo, gawanya thamani kwa uzito. Usitegemee kuiona Uganda juu. Lakini kutoonekana siyo lazima iwe hatuuzi, maana mzigo wetu unaweza kuingia Jebel Ali, bandari ya Dubai, kwanza, ukafunguliwa, ukachanganywa au kupakiwa upya na kuvuka kwa barabara ukiwa na karatasi za Emirates. Nchi za Ghuba zina umoja wa forodha tangu 2003, ushuru wa kawaida ni asilimia 5 na vyakula vingi vya msingi vimesamehewa, kwa hiyo mzigo ukishaingia mlango mmoja unatembea.

Kwa hiyo geuza: weka Uganda kama mtoa taarifa, mauzo, kahawa, uangalie Bahrain na Emirates. Halafu Emirates kama mtoa taarifa, manunuzi kutoka Uganda. Halafu Emirates mauzo kwenda Bahrain, ukijumlisha na yale ya kupita. Namba hazitalingana, usihangaike kutafuta nani mwongo, nauli, tarehe za kufika na nchi iliyoandikwa kwenye karatasi zinatosha kuleta tofauti. Unachotafuta ni kama kuna shimo katikati, kahawa inayotoka kwetu ikaandikwa Emirates na ikaonekana tena ikivuka kwenda Manama kwa bei ya juu kwa kilo. Likiwepo, toa bei yetu ya kilo kwenye ile ya Manama, ile tofauti ndiyo unayoweza kwenda kuizungumza na mnunuzi wa Bahrain moja kwa moja, ukiwa umeshatoa nauli ya ndege kutoka Entebbe na cheti cha ubora, na soko lenyewe ni la watu milioni moja na nusu kwa hiyo anza na paleti moja ya mzigo siyo kontena zima.